Herufi za Macho na Herufi za Vidole: Habari za Kufundisha Vipofu Kusoma na Kuandika

Kusoma, kuandika na kuhesabu ndiyo misingi mitatu ya elimu ya shuleni, na yote mitatu imezoea kudhaniwa kuwa ni kazi ya macho. Mwalimu huandika ubaoni, watoto hutazama. Kitabu hufunguliwa, watoto hutazama. Hesabu hupangwa kwa safu, watoto hutazama. Kwa karne nyingi watu walitoa katika mazoea hayo hukumu nyepesi, kwamba asiye na macho hana njia ya kupita mlango wa shule. Nia ya makala haya ni kueleza jinsi hukumu hiyo ilivyotenguliwa, na kwa nini ilichukua muda mrefu kutenguka hata baada ya njia kupatikana; kisha kutazama maandishi ya nukta nundu yalivyokutana na Kiswahili, na lugha hii iliyapokea kwa wepesi gani.

Yafaa kwanza kusema neno juu ya majina. Kiswahili cha tangu zamani kimewaweka wenye kasoro za mwili katika umbo la ki- na vi-: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Umbo ni la vitu, lakini upatanisho wa sentensi ni wa watu, kwani twasema kipofu amefika, wala hatusemi kimefika. Sarufi yenyewe basi imekataa kumhesabu mtu kuwa kitu, hata pale jina lake lilipovaa vazi la vitu. Siku hizi wengi hupendelea kusema asiyeona na wasioona. Katika makala haya nitatumia kipofu ninapoeleza habari za kale, kwa kuwa ndilo neno lililokuwako, na asiyeona ninapofikia siku zetu.

Elimu ya masikio

Si kweli kwamba vipofu walikosa elimu kabisa kabla ya kupatikana maandishi yao. Palipokuwa na desturi ya kuhifadhi kwa moyo, kipofu aliweza kufika mbali. Abul-Ala al-Maarri, mshairi wa Sham aliyezaliwa mwaka wa 973, alipofuka kwa ndui angali mtoto mdogo, na hata alipofariki mwaka wa 1057 alikuwa miongoni mwa mabwana wa lugha ya Kiarabu. Karne tisa baadaye Taha Husein wa Misri, aliyezaliwa mwaka wa 1889 na kupoteza macho utotoni, alihifadhi Kurani katika chuo cha kijijini kwao, akaingia Al-Azhar mwaka wa 1902, akapata shahada ya udaktari mwaka wa 1914 kwa kuandika juu ya huyo huyo al-Maarri, na kutoka mwaka wa 1950 hata 1952 alikuwa waziri wa elimu wa nchi yake. Desturi kama hiyo ya kusoma kwa kusikiliza na kuitikia yajulikana sana katika vyuo vya pwani yetu, na mtu yeyote aliyepita huko ajua kwamba sikio lililofunzwa laweza kubeba kitabu kizima.

Walakini elimu hiyo ilikuwa na mpaka wake. Al-Maarri alitunga, na wengine waliandika. Kipofu wa namna hiyo alikuwa tajiri ambaye funguo za ghala yake zi mikononi mwa mtu mwingine: alipotaka kurudia aliyoyasema jana, ilimpasa kungoja msomaji, alipotaka kusahihisha neno moja, ilimpasa kumwamini mwandishi. Isitoshe, njia hiyo ilimfaa mwenye kipaji kikubwa cha kukumbuka, na shule haiwezi kujengwa juu ya vipaji vya wachache.

Katika hesabu, mtu mmoja wa Uingereza alionyesha mapema kwamba kuna njia nyingine. Nicholas Saunderson, aliyezaliwa mwaka wa 1682, alipofushwa na ndui kabla ya kutimiza miaka miwili, na mwaka wa 1711 alifanywa profesa wa hisabati huko Cambridge, kazi aliyoifanya mpaka kufa kwake mwaka wa 1739. Alijitengenezea ubao wenye matundu mengi yaliyopangwa kwa miraba midogo, na pini za vichwa vikubwa na vidogo. Mahali pini ilipochomwa katika mraba ndipo palipoonyesha tarakimu, naye alipapasa ubao na kusoma hesabu yake tangu mwanzo hata mwisho. Habari za ubao huo zilichapishwa mwaka wa 1740 pamoja na kitabu chake cha aljebra, na Mfaransa Denis Diderot alizieneza katika barua yake mashuhuri juu ya vipofu ya mwaka wa 1749. La kuangaliwa hapa ni hili: Saunderson hakuchonga sura za tarakimu za wino. Alibuni alama mpya zilizofuata tabia ya vidole. Lakini ubao huo ulikuwa wa mtu mmoja, wala hapakuwa na shule ya kuupokea.

Valentin Haüy na herufi zilizoinuliwa

Shule ilianza Paris. Valentin Haüy, aliyezaliwa mwaka wa 1745, alikuwa mfasiri na mjuzi wa maandishi ya kale. Alisimulia mwenyewe kwamba mwaka wa 1771 aliona katika soko la sikukuu kundi la vipofu waliovishwa kofia za kipumbavu na miwani ya karatasi, wakapewa vinanda wasivyojua kuvipiga na vitabu vya muziki mbele ya macho yasiyoona, ili umati ucheke. Alichukizwa, akaazimia kwamba siku moja atawafanya vipofu wasome kweli.

Azimio hilo lilipata mwanafunzi mwaka wa 1784. François Lesueur alikuwa kijana kipofu aliyeombaomba mlangoni pa kanisa la Saint-Germain-des-Prés. Maskini huyo hakuweza kuacha kuomba, maana jamaa yake walitegemea alichopata. Kwa hiyo Haüy ilimbidi amlipe kiasi kile alichozoea kupata kwa siku, ndipo akakubali kukaa na kufundishwa. Twaona hapa jambo ambalo walimu wa nchi nyingi wamelikuta tena na tena: kabla ya kuuliza mtoto mlemavu atasomaje, yapasa kuuliza atakula nini muda anaposoma.

Haüy alianza na herufi zilizochongwa kwa mti. Inasimuliwa kwamba siku moja Lesueur, akipapasa karatasi mezani, alitambua kwa kidole umbo la herufi moja iliyokuwa imechapwa kwa nguvu ikatokeza upande wa pili wa karatasi. Haüy akaelewa mara moja, akaanza kuchapa vitabu kwa herufi kubwa juu ya karatasi nzito iliyoloweshwa, ili sura za herufi zibaki zimeinuka. Mwaka wa 1785 shule yake ilifunguliwa, na mwaka wa 1786 alitoa kitabu chake juu ya kufundisha vipofu, na wanafunzi wake wakasoma mbele ya Mfalme Louis wa Kumi na Sita huko Versailles. Baada ya hapo shule za namna hiyo zikafuata katika miji mingine: Liverpool mwaka wa 1791, Vienna mwaka wa 1804, Berlin mwaka wa 1806.

Sifa ya Haüy ni kubwa, wala haipunguzwi na nitakayoyasema. Yeye ndiye aliyethibitisha mbele ya watu kwamba kipofu aweza kusoma. Lakini herufi alizowapa wanafunzi wake zilikuwa herufi za macho zilizoinuliwa tu. Jicho huona umbo zima mara moja, na tofauti ya C na G, au ya O na Q, hulidaka bila taabu. Kidole hakioni umbo zima. Kidole hufuata mstari hatua kwa hatua, na mpaka kimalize kuzunguka O kimekwisha kusahau kilipoanzia. Ili kidole kiweze kutofautisha herufi hizo, ilipasa ziwe kubwa. Na zikiwa kubwa, kitabu huwa kizito na ghali, na maneno machache hujaza ukurasa. Ubaya uliozidi ni kwamba mwanafunzi hakuweza kuziandika mwenyewe kwa urahisi. Alisoma aliyochapiwa, na hapo elimu yake ilikoma. Mwanafunzi asiyeweza kuandika hawezi kufanya zoezi, wala kujiwekea kumbukumbu, wala kumpelekea mwenzake barua.

Barbier na Braille

Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, mashariki ya Paris. Baba yake alikuwa fundi wa kushona matandiko ya farasi. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka mitatu alichezea zana za baba yake, msharasi ukamchoma jicho. Ugonjwa ukaenea katika jicho la pili, na alipofika miaka mitano alikuwa kipofu kabisa. Mwaka wa 1819, akiwa na miaka kumi, alipelekwa katika shule ile ya Paris, akajifunza kusoma kwa herufi zilizoinuliwa za Haüy.

Mwaka wa 1821 shule hiyo ililetewa njia mpya na Charles Barbier, aliyekuwa ofisa wa mizinga. Barbier alibuni maandishi ya nukta zilizotobolewa juu ya karatasi nene, yasomwayo kwa kupapasa gizani. Alipanga sauti thelathini na sita za Kifaransa katika jedwali la mistari sita yenye sauti sita kila mmoja. Kila sauti iliandikwa kwa safu mbili za nukta: idadi ya nukta za safu ya kwanza ilionyesha mstari wa jedwali, na ya safu ya pili ilionyesha mahali pa sauti katika mstari huo. Alama moja iliweza basi kuwa na nukta kumi na mbili.

Wanafunzi walipendezwa sana na nukta, maana kidole huitambua nukta upesi kuliko mstari, na tena waliweza kuziandika wenyewe kwa bamba na sindano. Lakini Braille aliona kasoro mbili. Ya kwanza ni ya kidole: alama ya nukta kumi na mbili haienei chini ya ncha ya kidole kwa mara moja, msomaji hulazimika kupandisha na kushusha kidole chake, akihesabu. Ya pili ni ya lugha, na yapaswa kuwahusu hasa wasomaji wa jarida hili. Barbier aliandika sauti, wala hakuandika tahajia. Katika Kifaransa tahajia na matamshi vimeachana mbali, na herufi nyingi huandikwa zisitamkwe. Kipofu aliyefundishwa kwa sauti tu angekuwa na maandishi ya kwake peke yake, wala asingejua maneno yanavyoandikwa na watu wengine. Tena hapakuwa na alama za vituo, wala za tarakimu, wala za muziki.

Kufika mwaka wa 1824, akiwa na umri wa miaka kumi na mitano, Braille alikuwa amekwisha kuunda njia yake. Alipunguza nukta zikawa sita, tatu kwa tatu katika safu mbili, kiasi kinachotosha chini ya ncha ya kidole kimoja bila kukisogeza juu wala chini. Nukta sita hutoa alama 63, nazo zinatosha herufi, vituo, tarakimu na muziki. Utaratibu wake ni mwepesi kuufundisha. Herufi kumi za kwanza, kutoka a hata j, hutumia nukta nne za juu tu. Herufi kumi zinazofuata ni zile zile kumi za kwanza zilizoongezewa nukta moja ya chini upande wa kushoto. Zinazofuata huongezewa nukta zote mbili za chini. Tarakimu nazo ni herufi kumi za kwanza zikitanguliwa na alama ya kuonyesha kwamba ni hesabu. Mtoto aliyeshika alama kumi amekwisha kushika ufunguo wa nyingine.

Hapa ndipo ilipo hekima ya kijana huyo, nayo mara nyingi hupitwa na wanaomsifu. Katika umbo, alifuata kidole, akaacha kabisa sura za herufi za wino. Katika tahajia, alifuata watu wote, akaacha njia ya Barbier ya sauti. Kipofu alipata herufi za kwake, lakini maneno aliyoyaandika yalikuwa yale yale ya majirani zake, herufi kwa herufi.

Kitabu cha kueleza njia hiyo kilitolewa mwaka wa 1829, nacho chenyewe kilichapwa kwa herufi zilizoinuliwa za namna ya zamani, kwa kuwa wasomaji wengine hawakuwako. Chapa ya pili ilitoka mwaka wa 1837, ikiwa imeondoa vistari vidogo ambavyo chapa ya kwanza ilikuwa bado inavichanganya na nukta. Braille mwenyewe alikuwa mwalimu katika shule ile ile, tena mpiga kinanda wa kanisa.

Walakini kukubaliwa kulichelewa. Armand Dufau aliyekuwa mkuu wa shule tangu mwaka wa 1840 alikataza nukta, na inasimuliwa kwamba vitabu viliteketezwa. Hoja yake haikuwa ya kipumbavu. Alihofu kwamba vipofu wakiwa na herufi ambazo wenye macho hawawezi kuzisoma, watatengwa na jamii, na kwamba mwalimu mwenye macho hatajua mwanafunzi wake ameandika nini. Wanafunzi waliendelea kuandikiana kwa siri. Naibu wake, Joseph Guadet, ndiye aliyemgeuza moyo, na mwaka wa 1844, katika sherehe ya kufungua jengo jipya la shule, njia ya nukta ilionyeshwa hadharani. Braille alifariki tarehe 6 Januari 1852 kwa kifua kikuu. Serikali ya Ufaransa iliyakubali maandishi yake rasmi mwaka wa 1854, miaka miwili baada ya kifo chake. Mwaka wa 1952 mifupa yake ilihamishwa na kuzikwa katika Panthéon, lakini mikono yake iliachwa kijijini Coupvray.

Ugomvi wa nukta

Mtu aweza kudhani kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Sivyo. Katika Uingereza, William Moon, ambaye naye alipofuka akiwa kijana, alitoa mwaka wa 1845 herufi za mistari miepesi zilizotokana na zile za Kirumi. Ziliwafaa sana wazee waliopofuka ukubwani, ambao vidole vyao vimekuwa vigumu kwa kazi. Lakini hazikuandikika upesi kwa mkono, na kwa hiyo zilibaki kuwa za kusoma. Mwaka wa 1868 Thomas Rhodes Armitage, tabibu aliyepotewa na nguvu za macho, alianzisha chama ambacho baadaye kilikuwa chama kikuu cha vipofu wa Uingereza. Alishikilia kanuni moja, kwamba wa kuamua herufi gani zinafaa ni vipofu wenyewe waliokwisha kuzijaribu kwa vidole.

Marekani ugomvi ulikuwa mkali zaidi. Huko Boston, Samuel Gridley Howe alichapa tangu mwaka wa 1835 herufi za Kirumi zenye pembe. Mwaka wa 1868 William Bell Wait alitoa nukta za New York, ambazo zilipanga alama kwa kufuata wingi wa herufi katika Kiingereza, herufi zitumikazo sana zikipewa nukta chache. Kisha kukawa na nukta za Kimarekani zilizofuata kanuni hiyo hiyo kwa namna nyingine. Kitabu kilichochapwa kwa njia moja hakikusomeka na mwanafunzi wa njia nyingine, na Helen Keller, ambaye hakuona wala hakusikia, alilazimika kujua aina kadhaa za herufi ili asome vitabu vichache vilivyokuwako. Mwaka wa 1909 halmashauri ya elimu ya mji wa New York ilisikiliza hoja za pande zote, ikaamua kwa upande wa nukta za Kimarekani. Mapatano kamili kati ya Uingereza na Marekani juu ya nukta za Kiingereza yalipatikana London mwaka wa 1932 tu.

Baada ya vita vya pili vya dunia swali lilihamia kwenye lugha nyingine. Bara Hindi ilikuwa na mifumo kadhaa ya nukta iliyopingana, na serikali ya huko iliomba msaada wa UNESCO. Mkutano uliitishwa Paris mwaka wa 1950, na mwingine Beirut mwaka wa 1951, chini ya uongozi wa Clutha Mackenzie, mtu wa New Zealand aliyepofuka vitani Gallipoli mwaka wa 1915. Kanuni iliyofuatwa ni kwamba alama moja ishikilie, kadiri iwezekanavyo, sauti zinazofanana katika lugha zote. Ndiyo sababu Kiarabu cha nukta husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, ingawa Kiarabu cha wino hutoka kulia. Jambo hilo halimsumbui mwanafunzi wa bamba na sindano, kwani yeye hutoboa karatasi kwa nyuma. Huandika kutoka kulia kwenda kushoto, kisha huigeuza karatasi na kusoma kutoka kushoto kwenda kulia.

Nukta nundu na Kiswahili

Katika Afrika ya Mashariki kazi hii ilianzishwa na makanisa. Jeshi la Wokovu lilianza kuwafundisha vipofu huko Thika, Kenya, mwaka wa 1946. Katika Tanganyika shule ya Buigiri, karibu na Dodoma, ilifunguliwa na Kanisa la Anglikana mwaka wa 1950, na Walutheri wakafuata na shule ya Irente, Lushoto, katika miaka ya 1960. Si ajabu kwamba Dodoma ilitangulia, kwani nchi hizo kavu za kati zilisumbuliwa mno na ugonjwa wa vikope, ambao hukwaruza jicho mwaka baada ya mwaka mpaka nuru izimike. Mwaka huo huo wa 1950 kilianzishwa Uingereza chama cha kuwasaidia vipofu wa makoloni, chini ya John Wilson, ambaye mwenyewe hakuona. Chama hicho kilikuwa na mkono mkubwa katika kueneza shule hizi.

Walimu wa kwanza waliufundisha Kiswahili kwa nukta bila ya kuwa na mjadala mkubwa, na sababu yaonekana wazi tukiitazama lugha yenyewe. Tahajia ya Kiswahili kwa herufi za Kirumi ilikuwa imekwisha kusawazishwa na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka wa 1930. Tahajia hiyo hufuata matamshi karibu kila mahali. Ugomvi wa Braille na Barbier, wa tahajia na sauti, kwetu karibu haupo: mtoto asiyeona aandikaye neno kama alivyolisikia, mara nyingi huwa ameliandika sawasawa.

Tena yapo mambo ya bahati. Herufi itumikayo kuliko zote katika Kiswahili ni a, nayo katika nukta huandikwa kwa nukta moja tu ya juu kushoto. Wait wa New York alihangaika kupanga nukta kwa wingi wa herufi za Kiingereza. Kiswahili kilipata sehemu ya faida hiyo bila kuitafuta. Kwa upande wa pili, w haikuwamo katika mpango wa kwanza wa Braille, maana Kifaransa hakina haja nayo, ikaongezwa baadaye nje ya utaratibu. Kwetu w ni nguzo: haiwezekani kuandika watu, wala mwalimu, wala kwenda, bila hiyo. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiswahili hukutana mapema sana na herufi ambayo haifuati kanuni aliyofundishwa, na hana haja ya q wala x ambazo zinaifuata. Mwalimu mwenye busara huitanguliza w mapema, wala hangoji zamu yake ya alfabeti.

Sauti zetu zinazoandikwa kwa herufi mbili, kama ch, sh, dh na gh, huchukua nafasi mbili zikiandikwa kwa ukamilifu, na ng' huchukua tatu pamoja na kikato chake. Neno ng'ombe lina nafasi saba chini ya kidole. Maneno yetu yenye viambishi vingi huwa marefu, na urefu ni gharama, kwani karatasi ya nukta ni nene na kitabu kidogo cha wino hugeuka kuwa majuzuu kadhaa. Kiingereza kimetibu ugonjwa huo kwa vifupisho vipatavyo 180, hata neno la herufi tatu huandikwa kwa alama moja. Lakini dawa hiyo ina machungu yake kwa mtoto wa kwetu: aingiapo katika Kiingereza hulazimika kujifunza lugha ngeni na vifupisho vyake kwa wakati mmoja. Kusoma kwa mara ya kwanza kwa Kiswahili, ambapo alama moja ni herufi moja na herufi moja ni sauti moja, ndiyo njia iliyo nyoofu zaidi ya kukifundisha kidole kazi yake.

Vyombo navyo vilibadilika. Mwaka wa 1951 ilianza kutolewa mashine ya kuandikia nukta iliyobuniwa na David Abraham katika shule ya Perkins, Marekani, nayo imekuwa chombo cha kawaida katika madarasa ya wasioona duniani. Uzuri wake ni kwamba nukta hutokea kwa juu, na mwanafunzi aweza kupapasa mara ile ile alichokiandika. Kwa hesabu, Tim Cranmer alirekebisha mwaka wa 1962 ubao wa shanga wa Kijapani, akaweka kitambaa chini ya shanga zisiteleze zinapoguswa. Ni wazo lile lile la Saunderson, lililorudi baada ya karne mbili na nusu.

Kusikia na kusoma

Siku hizi imezuka hoja mpya, inayofanana na ile ya Dufau kwa namna ya kinyume. Wako wasemao kwamba kompyuta na simu zinaweza kumsomea asiyeona kila kitu kwa sauti, basi ya nini mashine ghali na karatasi nene? Katika nchi ambazo mashine moja hutumiwa na wanafunzi wengi kwa zamu, hoja hiyo yavutia wenye kupanga matumizi ya fedha.

Hapana shaka sauti ni neema, na asiyeona aliyefikia elimu ya juu hawezi kuiacha. Lakini historia tuliyoipitia yatuonya. Elimu ya masikio ilikuwako tangu zama za al-Maarri, nayo ilitoa mabingwa; haikutoa shule. Asikiaye tu hajui kama neno ni moja au ni mawili, kama ng' ina kikato au haina, kama sentensi imekatwa kwa nukta au kwa mkato. Hawezi kuona tofauti ya sikuwa na na si kuwa na. Hesabu ya kugawanya kwa njia ndefu haishikiki kwa sikio. Mtoto anayepewa sauti peke yake amerudishwa kwa yule tajiri ambaye funguo zake zi kwa mwingine, ila sasa mwenye kuzishika ni mashine.

Dufau alitaka kuwapa vipofu herufi za wenye macho, kwa hofu ya kuwatenga. Wa leo wangewaondolea herufi kabisa, kwa tumaini la kuwarahisishia. Pande zote mbili hupima kutoka nje. Kijana wa Coupvray alipima kwa ncha ya kidole chake mwenyewe, akakuta kwamba haja ya asiyeona ni maneno yale yale ya watu wote, katika umbo ambalo yeye aweza kulisoma na kuliandika bila kuomba. Kwa Kiswahili haja hiyo ni nyepesi kutimizwa kuliko kwa lugha nyingi, kwa kuwa lugha imekwisha kufanya nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni vitabu, karatasi, mashine na walimu waijuao nukta kwa vidole vyao, na hiyo yatupasa sisi.